Upasuaji wa goti kwa matundu madogo: madaktari bingwa wanashirikishwaje kuboresha mbinu?

Mhandisi_VT (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za majukumu.

Tuko timu ndogo hapa Dodoma, wahandisi wa vifaa tiba wawili na mtu wa takwimu mmoja. Madaktari bingwa wa mifupa kadhaa wa Kanda ya Kati wamekubali tushirikiane kuboresha upasuaji wa goti kwa matundu madogo uendane na mazingira yetu. Seti za vifaa ni chache, umeme unacheza, maji ni magumu, na kiangazi vumbi linaingia kila mahali.

Kwa kuanzia tumechagua mambo matatu. La kwanza ni picha kufunikwa na damu katikati ya kazi. La pili ni tundu la pili kutobolewa mahali pasipofaa, kisha chombo hakifiki kinakotakiwa. La tatu ni muda ambao seti inakaa kwenye usafishaji kabla mgonjwa anayefuata hajaingia.

Rasimu yetu iko hivi: dodoso la maswali 40 litumwe kwa simu, ifuate semina ya nusu siku, wahandisi wakachore na kutengeneza sampuli, mwisho madaktari waitwe kuthibitisha. Kinachonisumbua ni kwamba daktari anaonekana mwanzo na mwisho tu. Kwa mnaoijua kazi hii, anaingizwaje katikati bila kumaliziwa muda wa kliniki? Tupime nini? Na wazo linaruhusiwa lini kutoka mezani kwenda kwa mgonjwa?

Ukosoaji nakaribisha, hata mkali.

---

Goti_na_Bega

Mkuu, vizuri umeuliza kabla hela haijatumika. Dodoso hilo lishushe hadi ukurasa mmoja au liache kabisa. Ukimuuliza daktari bingwa changamoto za athroskopi (huo upasuaji wa matundu madogo) atakutajia vifaa na bajeti, maana ndivyo vilivyo karibu na ulimi. Kazi ya mkono haisimuliki kirahisi. Mkono mmoja unazungusha skopu (bomba jembamba la kutazamia ndani ya goti) yenye lenzi iliyoinama digrii 30 bila mwenyewe kufikiria, mguu uko kwenye pedali ya sheva (mashine ya kukata na kufyonza), jicho liko kwenye skrini. Hayo unayaona akiwa anafanya.

Na hiyo "katikati" unayoiogopa ndiko fani yenyewe ilikozaliwa. Takagi wa Tokyo alichungulia goti la maiti mwaka 1918 kwa kifaa cha kutazamia kibofu. Mwanafunzi wake Watanabe, daktari wa mifupa, alibadilisha umbo baada ya umbo hadi skopu yake namba 21 ya mwaka 1959, na mwaka 1962 akaitumia kuondoa kipande cha meniskasi (kile kito laini kilicho kati ya mifupa ya goti). Namba 21 ilikuwa na balbu nchani, na balbu iliweza kuvunjika ndani ya goti. Aliyeshika skopu ndiye aliyekuwa wa kwanza kulijua tatizo hilo, na baadaye mwanga ukahamishiwa kwenye nyuzi za kioo. Mtindo wa mhandisi kukaa peke yake kisha daktari aletewe "kuthibitisha" huzaa vifaa vinavyoishia kabatini.

Badala ya semina, panga vikao vya dakika 90 juu ya goti la mbuzi, daktari mmoja au wawili kwa kikao. Miguu ya nyuma utaipata mnadani Msalato au kwa mchinjaji yeyote, ila mwambie mapema akate katikati ya paja na katikati ya muundi. Akikata alivyozoea atafungua kiungo, na goti lenye tundu halishiki maji tunayoyajaza ndani ili tuone. Likigandishwa, liyeyushwe kwenye friji usiku kucha. Ukiliyeyusha kwa maji ya moto gegedu (tishu laini inayofunika ncha za mifupa) linabadilika. Nguruwe ni mkubwa kidogo na anafaa, lakini kuna wenzetu ambao hawatamgusa, na mbuzi hana ubishi kwa mtu yeyote. Ng'ombe mwache, goti ni kubwa mno. Ujue tu mambo mawili. Goti la mbuzi ni dogo, skopu ya milimita 4 inabanwa, ya 2.7 inakaa vizuri zaidi. Pia lina mafuta mengi nyuma ya kano ya pia ya goti, yanaziba picha yote. Yapunguzeni kwa sheva kwanza, la sivyo nusu ya kikao itaisha mkipigana na mafuta.

Na hili liandikwe ukutani: seti iliyoingia kwenye mnyama hairudi kwa binadamu. Tafuteni skopu iliyostaafu, yenye mikwaruzo lakini bado inaonyesha, iwekwe alama na ikae nje ya chumba cha upasuaji. Zile kamera za USB za Kariakoo zinafaa kwa sanduku la mazoezi, lakini zinatazama mbele moja kwa moja. Hazimfundishi wala hazimpimi mtu kwenye kuzungusha digrii 30, ambako ndiko wengi wanakokwama.

Daktari akiwa kazini mwombe aseme kwa sauti anachokitafuta na anachokiona. Rekodi skrini, na kamera ya pili ielekee mikononi. Mkimaliza, kaeni naye palepale mtazame video, msimamishe kila mahali mkono ulipotulia zaidi ya sekunde kumi, umuulize, "Hapa ulikuwa unasubiri nini?" Swali hilo moja litakupa zaidi ya yale 40. Kikihitaji kubadilishwa kitu, kibadilisheni hapohapo: mpini ufungwe plasta, mrija ufupishwe, kishikio cha mguu kisogezwe, arudie. Sampuli ya kwanza ya kadibodi na bomba la PVC iliyoshikwa na daktari siku ileile ina faida kuliko ya alumini itakayokuja baada ya miezi mitatu.

Kwenye tundu la pili, haya ndiyo ya kupima. Goti likiwa limekunjwa kiasi cha digrii 90, tundu la kwanza liko upande wa nje wa kano ya pia ya goti, takriban sentimita moja juu ya mstari wa kiungo. Kisu namba 11, makali yatazame juu ili yasiiguse meniskasi. Tundu la pili, upande wa ndani, halikisiwi kwa kidole peke yake: ingiza sindano ya uti wa mgongo ya geji 18 ukiiangalia kwenye skrini, ipite juu tu ya meniskasi, hakikisha ncha yake inaelekea pembe ya nyuma, ndipo ukate. Likiwa chini mno unakata pembe ya mbele ya meniskasi. Likiwa juu mno chombo kinagonga ncha ya chini ya mfupa wa paja na nyuma hakifiki. Likikaribia mno kano, unapita kwenye mafuta na vyombo viwili vinapigana. Kwa hiyo hesabu sindano imechomwa mara ngapi kabla ya kukubalika, sekunde ngapi tangu kukata hadi probu (ndoano ya kupapasia) iguse pembe ya nyuma, na mara ngapi chombo kimepotea kwenye picha. Mkishamaliza, fungueni goti, pakeni wino mweusi juu ya gegedu kisha mwoshe. Kila mkwaruzo utabaki mweusi. Hapo ndipo daktari mwenyewe anaacha kubishana na mbinu mpya, kwa sababu ameiona.

Kuhusu damu, angalieni msije mkabuni kifaa cha tatizo ambalo halipo. Picha ikichafuka wengi hukimbilia kupandisha presha ya pampu. Mara nyingi chanzo ni maji yanayotoka kwa kasi kwenye tundu lililo wazi, yanavuta damu kutoka kwenye mishipa midogo. Ziba tundu kwa kidole, punguza mfyonzo wa sheva, subiri dakika moja au mbili, mwombe mtaalamu wa usingizi ashushe presha ya mgonjwa kama hali inaruhusu. Presha ya maji ndiyo iwe hatua ya mwisho. Kwa goti pampu huwekwa kama milimita 30 hadi 50 za zebaki. Mkanda wa kubana damu pajani kwa mtu mzima huwa 250 hadi 300, na usizidi saa mbili. Kwenye bega, ambako mkanda haufungiki, huwekwa adrenalini miligramu 1 kwenye mfuko wa lita 3. Andikeni mfuatano huo kwenye kadi moja na muujaribu kabla ya kuchora chochote.

---

Sista_Thieta

Naomba kuongezea kwa upande wetu, maana jambo lako la tatu daktari peke yake halijui.

Kabla ya kutafuta mbinu ya kupunguza muda, pima kila kituo. Kadi ifungwe kwenye trei na kila anayeipokea aandike saa: imetoka thieta, imeingia majini, imeoshwa, imeingia otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke), imetoka, imepoa. Muda mwingi huwa haumo kwenye kuosha. Umo kwenye trei kusubiri otoklevu ijae.

Daktari anapotakiwa ni kwenye trei yenyewe. Msimame naye, mfungue seti, mtazame ni vyombo vipi vilitumika katika upasuaji kumi uliopita. Kisichoguswa hata mara moja kiende kwenye pakiti ya pembeni inayofunguliwa kikihitajika. Ukitoa vyombo vinane kwenye trei umetoa vinane vya kusuguliwa, kukaguliwa na kupakiwa kila mara.

Yanayoharibu vifaa ni haya. Damu ikikauka ndani ya kanula (mrija wa kupitishia skopu) na mpini wa sheva, brashi haiitoi, kwa hiyo suuza mara tu kazi inapoisha, tena kwa maji safi. Maji ya chumvi yakiachwa juu ya chuma yanakula. Koki zote zifunguliwe, brashi ipite kila tundu. Sabuni ya vimeng'enya ipimwe kama chupa inavyosema, usikisie. Suuzo la mwisho litumie maji yaliyochujwa chumvi au yaliyotoneshwa, kwa sababu maji yetu ya visima yanaacha madoa meupe kwenye lenzi, na daktari atadhani kamera imekufa. Kausha kwa hewa ya kubana.

Skopu yenye alama ya kuingia otoklevu inakwenda nyuzi 134 kwa dakika 3 hadi 4 kwenye mashine inayotoa hewa kwanza. Ikitoka iachwe ipoe yenyewe. Kuimwagia maji baridi ili mgonjwa wa pili aingie haraka kunapasua viungio, mvuke unaingia ndani. Ukungu wa nje ukiipasha kwa maji tasa ya uvuguvugu unaondoka. Wa ndani hauondoki, hiyo ni ya kupelekwa kwa fundi. Isiyo na alama hiyo ikitiwa kwenye glutaraldehaidi, dawa ipimwe nguvu kwa kipimo chake, muda ufuatwe wa lebo, kisha isuuzwe mara tatu kwa maji tasa. Mabaki ya dawa hiyo yakiingia kwenye goti yanaunguza gegedu na utando wa kiungo. Hapo huwezi kusema umeboresha mbinu.

Kebo ya mwanga: ncha moja ielekeze kwenye taa ya dari, tazama ncha ya pili. Nukta nyeusi ni nyuzi zilizokatika. Zikifika kama robo, badilisha. Ila kamwe usichungulie ikiwa imechomekwa kwenye mashine ya mwanga.

Na kwenye vikao vyenu vya mbuzi muuguzi awepo tangu siku ya kwanza. Daktari akipenda kifaa kisichofunguka kwa kuoshwa, sisi ndio tutakaokikataa, na tutakuwa na haki.

---

Rezidenti_Kanda_ya_Kati

Nyongeza fupi. Kwenye meza ambayo profesa yupo, rezidenti (daktari anayesomea ubingwa) hatasema kifaa hakifai. Hilo mnalijua nyote. Kwa hiyo kila mtu ajaze alama zake kwenye karatasi isiyo na jina kabla mtu yeyote hajafungua mdomo, na mkubwa aseme mwisho. Kama mnataka makubaliano ya wengi, fanyeni raundi mbili au tatu za namna hiyo, na kiwango cha kukubaliana, tuseme asilimia 80, kiwekwe kabla ya raundi ya kwanza. Kikiwekwa baada ya kuona majibu hakina maana.

Pia wachanganyeni watu. Awepo anayetumia mkono wa kushoto, awepo mfupi ambaye meza ya upasuaji inamzidi kimo, na awepo aliyeanza juzi. Mbinu inayomfaa bingwa mmoja mwenye mikono ya ajabu bado haijaboresha upasuaji wa Dodoma.

---

Mhandisi_VT

Nashukuru sana wote. Dokta, dodoso nimeshalifuta, na Sista, muuguzi ataingia kwenye timu rasmi. Yamebaki mawili. Ruhusa tunaipata kwa nani, na kwa mfuatano upi? La pili, pampu: umeme ukikatika katikati ya kazi, au pampu ikikosekana kabisa, maji ya kuning'iniza yanatosha? Madaktari wawili wamenipa majibu yanayopingana.

---

Takwimu_na_Maadili

Nianze na ruhusa. Goti la mbuzi kutoka buchani halina ugumu, ingawa taasisi yenu ijulishwe. Mkigusa mgonjwa, au hata video ya mgonjwa, kwa nia ya utafiti, mnahitaji kibali cha kamati ya maadili ya taasisi yenu, na ulizeni mapema kama kazi yenu inahitaji pia kupita NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa). Kifaa kipya kinachoingia mwilini kinaihusu TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Msidhani kwamba kubadilisha tu mpangilio wa hatua kwa vifaa vya kawaida hakuhitaji kibali. Mkikusanya matokeo kwa utaratibu ili kulinganisha, huo ni utafiti.

Video zina sheria yake, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kosa la kawaida ni kwamba uso hauonekani, watu wanadhani yamekwisha, kumbe jina na namba ya jalada vimeandikwa pembeni mwa skrini. Zima maandishi hayo kwenye mashine kabla ya kurekodi. Kuyafuta baadaye ni kazi ya wiki nzima na bado moja litabaki. Idhini ya mgonjwa iandikwe kwa Kiswahili cha kawaida, itenganishwe na ya upasuaji. Kukataa video kusimnyime huduma.

Mfuatano wa kusogea umeshaandikwa na wenzetu tangu 2009, unaitwa IDEAL. Wazo linaanza kwa wagonjwa wachache sana mkononi mwa daktari mmoja au wawili, na kila mgonjwa anaripotiwa, pamoja na yale yaliyoharibika. Halafu mbinu inarekebishwa hadi itulie. Halafu madaktari wengi zaidi wanaijaribu kwa pamoja na kupima muda wa kujifunza. Ndipo majaribio ya kulinganisha, na mwisho ufuatiliaji wa muda mrefu. Kwa hatua za mwanzo badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati. Mkibadilisha kishikio cha mguu, mrija na mahali pa tundu kwa pamoja, matokeo yakiwa mazuri hamtajua cha kushukuru, yakiwa mabaya hamtajua cha kuacha. Kila daktari awe na chati yake ya jumla limbikizi, mstari unaopanda akishindwa na kushuka akifaulu, ili muone anapotulia. Kanuni ya kusimama iandikwe kabla: ni tukio gani, likitokea mara ngapi, linasimamisha kila kitu hadi kikao kikae. Uambukizi ndani ya kiungo mimi ningeuweka mara moja tu.

Makubaliano ya nani anamiliki wazo yaandikwe kabla ya mchoro wa kwanza. Kama mnafikiria hataza (haki ya uvumbuzi) kwa wakala wa usajili BRELA, msitangaze kwenye kongamano kabla ya kuwasilisha maombi. Na daktari anayelipwa na muuza vifaa aseme hivyo hadharani kabla hajatoa alama.

Jambo ambalo halimo kwenye rasimu yenu, na naliona kubwa kuliko yote: madaktari washirikishwe pia kuamua ni mgonjwa gani *asifanyiwe*. Mwaka 2002 Marekani wagonjwa 180 wenye goti lililochakaa waligawanywa. Wengine waliondolewa uchafu wa kiungo, wengine waliogeshwa kiungo tu, wengine walichanjwa ngozi peke yake. Kwa miaka miwili hakukuwa na tofauti ya maumivu wala ya kutembea. Finland mwaka 2013, watu 146 wenye meniskasi iliyochanika kwa uchakavu, walikatwa sehemu iliyochanika au kufanyiwa upasuaji wa kuigiza, na baada ya miezi 12 matokeo yalikuwa yale yale. Kijana aliyeumia mpirani, goti limefungana halinyooki, huyo ni habari nyingine. Lakini kama orodha yenu ya wagonjwa imejaa magoti ya uzee, mtakuwa mnanoa mbinu ya kazi isiyowasaidia, na takwimu zenu hazitaonyesha maendeleo hata kifaa kikiwa kizuri namna gani.

---

Goti_na_Bega

Nakubaliana na mwenzangu hapo juu kwa kila neno kuhusu magoti ya uzee.

Kwenye pampu, wote wawili wako sahihi kwa sehemu. Maji ya kuning'iniza, yaani ya mfuko uliotundikwa juu, yanatosha kwa goti kama yamepangwa vizuri. Kila sentimita 10 za urefu juu ya goti zinakupa kama milimita 7 za zebaki. Mfuko ukiwa sentimita 60 juu una kama 44, mita moja kama 74, mita moja na nusu kama 110. Hiyo ni presha ya maji yaliyotulia. Yakianza kutembea inashuka, na hapo ndipo ubishi wenu unapotoka. Anayesema hayatoshi mara nyingi ametumia mrija wa dripu ya kawaida, ambao ni mwembamba, na kupandisha mfuko hadi dari hakumsaidii. Tumia mrija mpana wenye matawi mawili, ule wa kuoshea kibofu kwenye upasuaji wa tezi dume unafaa. Mifuko miwili ya lita 3, mmoja wazi, mwingine umebanwa. Badilisha kabla wa kwanza haujaisha kabisa, maana hewa ikiingia picha inajaa mapovu na utapoteza dakika kuyatoa. Stendi ya dripu ya kawaida itaanguka kwa kilo 6, kwa hiyo tengenezeni yenye kitako kipana, magurudumu matano, na alama za sentimita kwenye nguzo zinazohesabiwa kuanzia kimo cha goti. Hiyo ni kazi ya karakana, na ningeanza nayo.

UPS (betri ya dharura) ipewe kamera, skrini na mwanga. Taa ya LED inakula umeme kidogo kuliko ya zenoni, kwa hiyo betri ileile inakuvusha muda mrefu zaidi. Sheva inaweza kusubiri jenereta. Pampu ikizimika, fungeni mrija wake, fungueni wa kuning'iniza. Jaribuni ubadilishaji huo kwenye goti la mbuzi kwa kuzima swichi bila kumwambia daktari, na mpime sekunde hadi picha irudi.

Kwa njia zote mbili, mtu mmoja apewe kazi ya kushika muundi wa mgonjwa kila dakika kumi na kulinganisha maji yaliyoingia na yaliyotoka. Muundi ukianza kuwa mgumu, maji yamepenya nje ya kiungo: simamisheni maji na mfungue mkanda kabla ya kuendelea na chochote.